Naanza na PIC16F84A: LED haiwaki na masomo ya mtandaoni ni ya zamani. Wataalamu karibuni

#1 MsukaNyaya

Wakuu habari za jioni.

Nimerithi chipu mbili za PIC16F84A-04/P kutoka kwa mjomba aliyekuwa akitengeneza mabango ya taa, na kifaa cha kuchomea (kuingiza programu kwenye chipu) aina ya PICkit 3 (si orijino, ila kompyuta inakitambua). Nimeamua kujifunza maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja kama hizi, kuanzia chini kabisa. Naomba tu asije mtu akaniambia ninunue Arduino, najua ipo.

Nilichofanya:

Umeme ni volti 5 kutoka chaja ya simu. Chanya pini 14, hasi pini 5. Kristali ya 4 MHz ipo pini 15 na 16, kila upande kapasita ya pF 22 kwenda hasi. LED nyekundu na rezista ya omu 470 kwenye RB0, yaani pini 6. Basi, hakuna kingine kwenye bredibodi.

Programu ya asembli niliyoitoa kwenye somo moja la zamani, MPLAB X (programu ya kompyuta ya kuandalia kazi za PIC) niliyopakua juzi inaikataa kuanzia mstari wa kwanza. Nikahamia lugha ya C kwa XC8, kompaila ya PIC, hii hapa:

```
#include <xc.h>
#define _XTAL_FREQ 4000000

void main(void) {
    TRISB = 0b11111110;
    while (1) {
        PORTBbits.RB0 = 1;
        __delay_ms(500);
        PORTBbits.RB0 = 0;
        __delay_ms(500);
    }
}
```

Inakompaili, inachomeka, uhakiki unasema sawa. LED kimya. Nimegeuza LED, kimya. Nimebadilisha chipu, kimya vilevile.

---

#2 pwani_tupu

Ngoja waje.

---

#3 Kibodi95

Mkuu najua umekataza ila nitasema. ATmega328P iliyo kwenye Arduino Uno ina kilobaiti 32 za programu na kilobaiti 2 za RAM. Hiyo yako ina maneno 1024 ya programu na RAM ya baiti 68. Sijakosea, sitini na nane. Na ukienda kununua nyingine dukani utakuta 84A ni ghali kuliko wadogo zake waliokuja baadaye wenye uwezo mara mbili. Unajitesa bure.

---

#4 mzee_wa_solda

Kibodi95 acha kijana ajifunze. Baiti 68 zinatosha kuendesha taa za makutano, geti, kengele ya mlango, kipima joto. Mabango ya huyo mjomba wake yaliendeshwa na hizohizo.

Kijana MsukaNyaya, umeandika pini zako zote vizuri, na kwa sababu hiyo naona tatizo bila picha. Pini 4 iko wapi? Ile inaitwa MCLR, ndiyo pini ya kuiwasha upya chipu. Ikiwa chini chipu imelala, ikiwa juu inafanya kazi. Umeiacha inaning'inia hewani, kwa hiyo inaokota chochote kinachopita, hata mkono wako ukisogea. Weka rezista ya kilo-omu 10 kutoka pini 4 kwenda volti 5.

Usiweke kapasita moja kwa moja kwenye pini hiyo kama wanavyochora baadhi ya watu. Wakati wa kuchoma, PICkit inapandisha volti kati ya 12 na 14 kwenye pini hiyohiyo, na inatakiwa ipande haraka. Kapasita itaichelewesha na utaanza kupata makosa ya kuchoma yasiyoeleweka.

Pili, kapasita ya nF 100 kati ya pini 14 na pini 5, karibu na mwili wa chipu kadiri inavyowezekana. Chaja za simu zina kelele nyingi, na bredibodi nayo haisaidii.

Tatu, ukiwa unapima, chomoa PICkit kabisa. Ikiwa imeshikamana inaweza kuishikilia MCLR chini na wewe ukadhani programu imegoma.

Halafu sijaiona mistari ya usanidi kwenye programu yako. Hiyo namwachia dada_voltmita, yeye ndiye mtu wa programu, mimi macho yangu ni ya solda.

---

#5 dada_voltmita

Nipo mzee wangu, asante kwa kuniita.

MsukaNyaya, hata ukirekebisha pini 4 bado haitawaka, na nitaeleza kwa nini maana hapa ndipo wengi wanaachia njiani.

PIC ina neno moja la pembeni ambalo si sehemu ya programu. Linaitwa neno la usanidi, na linasomwa kabla mstari wako wa kwanza haujafanya kazi. Ndilo linaloiambia chipu mapigo yake yanatoka wapi. Kwenye 84A kuna njia nne: LP kwa kristali za polepole, XT kwa kristali za kawaida hadi 4 MHz, HS kwa za kasi, na RC kwa rezista na kapasita tu bila kristali.

Chipu ikifutwa, biti zote zinakuwa 1. Sasa fungua datashiti (kitabu cha maelezo ya chipu) utazame 1 na 1 kwenye biti mbili za FOSC, zinazochagua njia hizo, maana yake nini: RC. Yaani wewe umeweka kristali nzuri kabisa, na chipu inasubiri rezista na kapasita. Haiipigi hiyo kristali. Hakuna mapigo, hakuna programu. PICkit inasema sawa kwa sababu kuchoma hakuhitaji kristali, saa ya kuchomea inatoka kwenye PICkit yenyewe. Ndiyo maana uhakiki ulipita kila mara.

Na biti ya WDT ikiwa 1 maana yake ule mlinzi wa muda umewashwa. Kazi yake ni kuiwasha upya chipu programu ikizubaa. Kwa mipangilio ya mwanzo ya 84A hesabu yake inagawanywa kwa 128, kwa hiyo milisekunde 18 zake zinakuwa kama sekunde 2.3. Kwenye LED ya kuwaka na kuzima unaweza usigundue. Utakuja kugundua siku unahesabu watu mlangoni na hesabu inarudi sifuri kila baada ya sekunde mbili na kitu.

Ongeza hii juu, chini ya `#include`:

```
#pragma config FOSC = XT
#pragma config WDTE = OFF
#pragma config PWRTE = ON
#pragma config CP = OFF
```

PWRTE inaichelewesha chipu kidogo baada ya umeme kuingia, mpaka volti zitulie. CP ni kufuli la kuzuia watu kuisoma programu yako. Kwa sasa huna siri.

---

#6 MsukaNyaya

Wakuuuu! INAWAKA. Inawaka, inazima, inawaka.

Niliweka kwanza rezista ya pini 4 peke yake nione, kimya kama dada alivyosema. Nikaongeza zile pragma nne, ikaanza hapohapo. Mzee wa solda, dada, Mungu awabariki.

Sasa nataka asembli. Nisaidieni ile MPLAB X kukataa.

---

#7 Kibodi95

Hongera mkuu. Lakini ona, jioni nzima kwa LED moja. Kwenye Uno hiyo ni mfano namba moja, unabonyeza, imeisha.

---

#8 mzee_wa_solda

Imeisha ndiyo, na hujui kilichoisha. Kwenye Uno kristali alishaiweka mtu, rezista ya kuwasha upya alishaiweka mtu, usanidi alishauchoma mtu, na ndani kuna programu ndogo ya kupokea programu yako ambayo nayo aliiweka mtu. Siku unataka kutoa chipu kwenye bodi na kuiweka kwenye kazi ya mteja ndipo unakutana na hao watu wote kwa mpigo.

Sisemi Arduino mbaya. Ninayo hapa mezani natumia kupimia vitu. Ila huyu kijana sasa anajua chipu inahitaji umeme, mapigo na pini ya kuwasha upya iliyotulia. Ukimpa chipu yoyote ya kampuni yoyote, ataanza kutafuta vitu hivyo vitatu kwenye datashiti. Na datashiti ya 84A haifiki kurasa 100, mtu anaweza kuimaliza. Ya hiyo ATmega kurasa zake zinahesabiwa kwa mamia.

Nyinyi mmezaliwa kwenye raha. Kabla ya PIC16C84 kutoka mwaka 1993, chipu nyingi za kujaribia zilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni. Ukikosea herufi moja unaichomoa, unaiweka chini ya taa ya urujuanimno, unakwenda kunywa chai, unarudi kuchoma upya. Hii yenu inafutwa kwa umeme papo hapo, halafu mnalalamika jioni moja.

---

#9 Kibodi95

Mzee umeshinda raundi hii 😂 nimekaa pembeni nasoma.

---

#10 dada_voltmita

Kuhusu asembli. Masomo karibu yote ya 84A yameandikwa kwa MPASM, kitafsiri cha zamani cha asembli ya PIC. Toleo la mwisho la MPLAB X kuja na MPASM lilikuwa 5.35. Kuanzia 5.40 ya mwaka 2020 waliiondoa, na mahali pake kuna pic-as inayokuja pamoja na XC8. Lugha ya chipu ni ileile, maagizo 35, ila uandishi wa maelekezo ya pembeni umebadilika: `list`, `__config`, `org` na wenzake. Ndiyo maana inakwama mstari wa kwanza wakati programu yenyewe haina kosa.

Una njia mbili. Ama upakue 5.35 kwenye hifadhi ya matoleo ya zamani, ama utumie gputils, ambayo ni huria na inaelewa uandishi wa MPASM. Mimi natumia gputils kwenye Linux: naandika `gpasm taa.asm`, napata faili la hex, yaani lililo tayari kuchomwa, nalichoma. Na usikimbilie kusasisha MPLAB X kila ukiambiwa, matoleo ya karibuni yameacha kuitambua PICkit 3.

---

#11 LuthuliKid

Salamu kutoka Nairobi. Nimefuata huu uzi kimya lakini lazima niwatetee watu wa 8051, familia nyingine ya maikrokontrola. Sisi tulianza na AT89S52, na ndugu yeyote akitaka kulinganisha, mambo mengine yako kinyume kabisa na ya PIC.

Pini ya kuwasha upya, namba 9, inafanya kazi ikiwa juu badala ya chini. Kwa hivyo kapasita ya µF 10 inaenda volti 5 na rezista ya kilo-omu 10 inaenda chini. Pini 31 ya EA lazima iende volti 5, ukiisahau chipu inatafuta programu kwa kumbukumbu ya nje ambayo huna. Na LED usiiweke kutoka pini kwenda chini, kwa sababu pini za 8051 zinasukuma mkondo kidogo mno. Itoe volti 5, ipite rezista, iingie kwa pini, halafu uiwashe kwa kuandika 0. Lango (kundi la pini) P0 nalo halina rezista za ndani za kuvuta juu, unaweka zako mwenyewe.

Kristali pia. PIC inagawanya mapigo kwa 4, 8051 ya kawaida inagawanya kwa 12. Watu huniuliza kwa nini tunanunua kristali ya 11.0592 MHz, namba ya ajabu hivyo. Igawe kwa 12, kisha kwa 32, kisha kwa 3: unapata 9600 kamili, kasi ya kuongea na kompyuta. Na 12 MHz hesabu hiyo inatoa 10416, kompyuta inasoma takataka.

---

#12 mzee_wa_solda

LuthuliKid umenikumbusha mbali. Karibu sana kijana.

---

#13 MsukaNyaya

Nimeweka gputils, inafanya kazi. Programu yangu ya kwanza ya asembli imekubali ila LED inawaka tu moja kwa moja, haizimi. Usanidi nimeweka, pini 4 iko sawa. Kipande cha kusubiri ni hiki:

```
subiri  decfsz  d1, f
        goto    subiri
        return
```

Pia inanipa ujumbe namba 302 kuhusu TRISB kutokuwa benki 0. Ndiyo sababu?

---

#14 dada_voltmita

LED yako inazima, jicho lako ndilo halioni.

Hesabu. Kristali ni 4 MHz, chipu inagawanya kwa 4, kwa hiyo agizo moja ni mikrosekunde 1. Maagizo yanayoruka, kama `goto`, yanachukua 2. `decfsz` inachukua 1, isipokuwa inaporuka, hapo ni 2. Mzunguko mmoja wa kitanzi chako ni 3. d1 ni baiti moja, kwa hiyo kitanzi kinazunguka mara 256 kwa wingi: 255 × 3 + 2 = 767. Yaani unasubiri chini ya milisekunde moja. LED inawaka na kuzima zaidi ya mara 600 kwa sekunde, wewe unaona mwanga mmoja uliopoa kidogo.

Weka kitanzi ndani ya kitanzi. Hii hapa yote:

```
        list    p=16f84a
        #include <p16f84a.inc>
        __config _XT_OSC & _WDT_OFF & _PWRTE_ON & _CP_OFF

d1      equ     0x0C
d2      equ     0x0D

        org     0x00
        bsf     STATUS, RP0
        bcf     TRISB, 0
        bcf     STATUS, RP0
mwanzo  bsf     PORTB, 0
        call    subiri
        bcf     PORTB, 0
        call    subiri
        goto    mwanzo

subiri  decfsz  d1, f
        goto    subiri
        decfsz  d2, f
        goto    subiri
        return
        end
```

Sasa kitanzi cha ndani kinarudiwa mara 256, jumla kama mikrosekunde 197,000. Karibu moja ya tano ya sekunde. Utaona inapepesa vizuri. Ukitaka nusu sekunde ongeza d3, na hesabu mwenyewe usininakili.

Ujumbe 302 upuuze ila uuelewe. Rejista za chipu hii zimepangwa kama nyumba yenye vyumba viwili, ndizo benki 0 na 1, na PORTB na TRISB zina namba moja ya mlango, 0x06, ila kila moja chumba chake. Biti ya RP0 ndiyo inayochagua chumba. Kompaila haiwezi kujua uko chumba gani wakati huo, kwa hiyo inakukumbusha tu. Ukisahau ile `bsf STATUS, RP0`, utakuwa umeandika PORTB ukidhani umeandika TRISB, pini inabaki ya kupokea, LED haiwaki. Kwenye TRIS, 1 ni kupokea na 0 ni kutoa, na chipu ikiwaka zote zinaanza na 1.

---

#15 MsukaNyaya

Nimeona! Na nimeongeza d3, sasa inakwenda kama moyo wa mgonjwa, polepole sana 😂. Nitakata.

Swali dogo. Nimeongeza LED ya pili kwenye RA4, waya uleule, rezista ileile. RA0 hadi RA3 zinawaka, RA4 haiwaki kabisa. Pini imekufa?

---

#16 mzee_wa_solda

Haijafa. RA4 kwenye 84A inaweza kuvuta kwenda chini tu, haina uwezo wa kusukuma juu. Fanya kama LuthuliKid alivyosema kwa 8051: LED itoke volti 5, ipite rezista, iingie pini 3, uiwashe kwa 0. Zingine zote za chipu hiyo zinasukuma na kuvuta hadi mA 25. Usizifikishe huko. Kwa omu 470 na LED nyekundu unatumia kama mA 6, inatosha kuona hata mchana.

---

#17 pwani_tupu

Wakuu mimi nimenogewa, nataka kuanza. Dukani 84A wamesema hawana, wana PIC16F628A. Nichukue?

---

#18 dada_voltmita

Chukua. Ina pini 18 zilezile, umeme mahali palepale, maneno 2048 ya programu, RAM baiti 224, na ina mapigo yake ya ndani ya 4 MHz kwa hiyo kristali si lazima. Ila masomo ya 84A hayaingii mzimamzima. Mambo matatu yatakusumbua.

RAM ya kutumia inaanzia 0x20. Ukiacha `d1 equ 0x0C` kama hapo juu, utakuwa unaandika juu ya PIR1, rejista ya intarapti, na d2 itaangukia mahali pasipo na kumbukumbu yoyote, kitanzi hakitaisha. Badilisha ziwe 0x20 na 0x21.

Lango A (pini za RA) linaanza likiwa limeshikwa na vilinganishi vya volti. Kabla ya kulitumia andika 7 kwenye CMCON, rejista ya vilinganishi hivyo, la sivyo utahangaika na vibonyezo visivyosomeka.

Na usanidi wake una biti nyingi zaidi, ikiwemo LVP, kuchoma kwa volti ndogo. Izime. Ikibaki imewashwa, RB4 huwezi kuitumia kama pini ya kawaida, na ikiokota kelele chipu inaingia hali ya kuchomwa katikati ya kazi.

---

#19 pwani_tupu

Nimenakili kwenye daftari. Kesho niko Kariakoo asubuhi. Ninunue na nini kingine?

---

#20 mzee_wa_solda

Rezista za kilo-omu 10 na omu 470, kumi kumi. Kapasita za nF 100. Soketi ya pini 18, maana ukichomoachomoa chipu kwenye bredibodi miguu inakatika. Waya mgumu wa ndani ya kebo ya simu ya mezani ukiupata, ni mzuri kuliko jampa za dukani. Na multimita, hata ya bei ndogo. Ukifika nyumbani, kabla ya kuweka chipu kwenye soketi, pima volti kati ya tundu la 14 na la 5. Isipokuwa 5, usiweke.